Za Kupoteza

Mavyaa amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine,
anasoma bei za hoteli kwenye simu yangu
kama asomaye hati ya mashtaka.
"Jumanne," anasema. "Jumanne mji hauna watu.
Ijumaa watakuuzia hata hewa ya lifti."

Tuko Glendale, jikoni, saa nne usiku.
Vartan amelala. Bado hajui
kwamba gari lake limeshapangiwa safari.
Mezani: kalamu, bahasha tano,
bakuli la aprikoti kavu,
na ramani ya karatasi, ya zamani kuliko mimi,
imechakaa mikunjoni hata Barstow ni tundu tu
unapochungulia kitambaa cha meza.

Las Vegas. Maili mia mbili na sabini na ushei.
Tutalala siku mbili, ya tatu turudi.
Tutoke alfajiri, jangwa halijakunja uso.
Baker tusimame, choo na kahawa,
tusinunue kingine chochote, maana amekwisha kata shauri:
lavashi, jibini, matango, mayai ya kuchemsha,
na galoni mbili za maji, si za kunywa,
redieta ya Vartan ina vituko vyake mlimani.

Naandika anavyotamka.
Petroli.
Chumba, pamoja na ile ada wanayoificha
mpaka umeshafunga begi unaondoka.
Chakula cha kujipakulia, mara moja tu,
"lakini siku hiyo tusinywe chai asubuhi."
Dawa za presha. Sweta,
kwa kuwa nje ni tanuri na ndani ni mochari.

Kwenye bahasha ya tano ananinyang'anya kalamu.
Anaandika mwenyewe, kwa herufi za kwao,
zile zenye ndoana na vikombe,
taratibu, kama mtu anayedarizi.
"Umeandika nini, mama?"
"Za kupoteza."

Nacheka. Yeye hacheki.
Anazihesabu noti za ishirini, anazilainisha kwa kiganja:
dola mia mbili na arobaini,
miezi minane ya kukunja pindo za suruali za watu.
"Mama, kwenye pata potea mtu hupanga kupata."
"Hao ndio wanaorudi kwa basi."

Friji linanguruma, linanyamaza.

"Nyumba yangu ya Gyumri," anasema,
"niliipoteza asubuhi ya Desemba, supu ikiwa motoni.
Hrant nilimpoteza Jumatatu, kwenye foleni ya benki,
namba yetu ilikuwa bado watu watatu.
Sasa mjukuu namwita kwa Kiarmenia
ananijibu kwa Kiingereza, tena akiwa chumba cha pili.
Hakuna siku mtu alinijia na bahasha
akaniuliza: Siranush, safari hii kiasi gani?"

Anailamba gundi, anaifunga, anaigonga kwa ngumi.

"Mimi nataka kiti kizuri, chenye mgongo.
Msichana aniletee soda bila malipo.
Nivute ule mkono... hawana tena mkono? Basi nibonyeze.
Ishirini iende, nyingine iende,
taa ziwake, mashine ipige kelele zake,
halafu niseme imetosha,
na iwe imetosha."

Sijui la kusema, kwa hiyo nauliza la kipumbavu:
"Na ukishinda?"

Ananitazama. Anazitazama bahasha,
moja moja, akitafuta pa kulitia neno hilo.
Anavuta droo: uzi, betri, mishumaa ya keki,
risiti za dukani zilizofungwa mpira.
Bahasha ya sita hakuna.
Anavua miwani ya juu, kisha ya chini,
anatafuna aprikoti mpaka iishe.

"Bonyeza," anasema, "kabla bei haijapanda."